Tende za Baraka na Picha ya Kongosho

Kila alasiri, kabla Tahir hajatoka kwenda bustani ya Forodhani kukamua miwa, mkewe Biasha alimpigia pasi shati lake jeupe. Tahir alikuwa na kisukari. Juisi aliyowauzia watu, yeye mwenyewe hakuionja.

"Mimi ni mlinzi wa hazina nisiyoruhusiwa kuigusa," aliwatania wateja.

Lakini sasa shati lilimpwaya. Madaktari walikuwa wameona uvimbe kwenye kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, kinachosaidia kusawazisha sukari mwilini. Wakamtuma Dar es Salaam, kwenye kipimo kiitwacho PET, ili wajue kama uvimbe ni saratani na kama umeenea. Alirudi bila picha. Sukari yake ilikuwa juu mno siku hiyo. Akapangiwa siku nyingine.

Jirani yao Khairat, muuguzi wa kliniki ya kisukari, akaja kuwajulia hali.

"Shikamoo, Bi Biasha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ami Tahir alikula nini siku ile?"

"Hakula kitu. Maji matupu, kama tulivyoagizwa."

Tahir, aliyejinyoosha kwenye kochi, akakohoa. Biasha alikijua kikohozi kile. Mumewe aliujua ukweli, lakini alikuwa anamsitiri. Hilo ndilo lililomchoma moyo.

"Nlimlisha tende," akasema kwa sauti ndogo. "Dada aliniletea kutoka Makka. Tulipokuwa tunasubiri nlimwona anatetemeka. Nkamwambia, kula, hiki si chakula, hii ni baraka."

"Ngapi?"

"Tatu."

"Saba, Bi Biasha," Tahir akasema. "Baraka haipunguzwi hesabu."

Khairat alicheka, kisha uso wake ukawa mzito.

"Akitetemeka, mwite muuguzi hapo hapo ampime. Sukari ikiwa imeshuka kweli, atatibiwa kwanza, kipimo kitasubiri. Usikisie."

"Lakini mashine na tende wapi na wapi?" Biasha akauliza.

"Dawa anayochomwa kabla ya picha ni sukari yenye alama. Saratani mara nyingi huivuta kwa pupa, na mashine ikaiona. Ami Tahir, watu wakijaa mbele ya meza yako, mteja aliyefika sasa hivi atapata glasi?"

"Atapata kwa shida."

"Ndivyo ilivyo. Damu ikijaa sukari ya tende, sukari yenye alama hukosa nafasi. Picha hufifia, na uvimbe unaweza kujificha."

Biasha alijifunika uso kwa upindo wa kanga. "Basi mimi ndiye niliyetaka kuuficha."

"Wewe ulinipenda bila kuuliza," Tahir akamjibu. "Safari hii tutauliza."

"Na dawa zake, azisimamishe?" Biasha akamuuliza Khairat.

"Asisimamishe wala asiongeze kwa uamuzi wake. Saa za dawa, hasa sindano ya insulini, hupangwa na daktari. Tutampigia leo."

Kabla Khairat hajaondoka, Biasha alimkabidhi kopo la tende. "Kaa nalo. Mkono wangu siuamini."

Waliyafuata maagizo yote. Siku ya kipimo, katika chumba cha kusubiri, Tahir alimnong'oneza mkewe, "Baraka iko wapi?"

"Nyumbani, inakusubiri."

Muuguzi alimpima sukari, akatikisa kichwa kukubali. Safari hii picha ikaonekana vizuri. Ulikuwa uvimbe wa saratani, lakini haukuonekana kuenea. Daktari akasema upasuaji unawezekana.

Tahir alipasuliwa. Aliuguzwa muda mrefu, na Biasha aliendelea kulipiga pasi shati lililokuwa likining'inia mlangoni bila mtu. Hatimaye, alasiri moja, Tahir alilivaa. Lilimkaa.

Khairat alifika na lile kopo. Alimpima sukari kwanza. "Moja tu, Ami."

Biasha aliitoa kokwa, akaipasua tende katikati. Nusu akamtia mumewe mdomoni, nusu akala mwenyewe.

"Si tulisema baraka haipunguzwi hesabu?" Tahir akalalamika.

"Tafuna polepole," Biasha akamwambia, akimfunga kifungo cha mwisho.