Mijusi wa Ndoo Moja

Mwalo wa Kibirizi ulikuwa umefurika wachuuzi wa dagaa asubuhi ile Honorata alipopiga magoti, gauni lake la kitenge likiburuza mchangani, akimvizia mjusi kando ya boti.

"Dada, dagaa wako huku. Huyo haliwi."

Msemaji alikuwa Ndizeye, fundi wa mashine za boti, mrefu, mwenye kucheka ovyo. Mjusi akakimbia. Walianza kwa hasira, basi.

Hasira ikageuka mapenzi. Honorata alikuwa mtafiti: alikata ncha za mikia ya mijusi, vinasaba vikasomwe maabara, ijulikane kama wa Ilagala na wa ng'ambo ya mto Malagarasi ni aina moja, au mto umewatenga hadi wakawa aina mbili. Sampuli zilipokaribia kutakiwa, malaria ikamlaza. Ndizeye akawasha boti, akaenda mwenyewe kila upande wa mto, akarudi na ndoo.

"Mukunzi wanje, mpenzi wangu, kazi imeisha."

"Wa Ilagala wako wapi?"

"Humo."

"Na wa ng'ambo?"

"Humo humo. Wasione upweke."

Honorata alishika kichwa. Utafiti wa mwaka mzima, na mwanamume huyu kauvuruga kwa huruma! Akampa kila mjusi namba, akakata mikia shingo upande, akatuma.

"Kaa nao mwenyewe," akamwambia. "Na usinipigie."

Alipiga kila siku. Honorata hakupokea, ingawa moyo ulimuuma.

Majibu yalipofika, akayasoma mara mbili. Vinasaba vyenyewe vilikuwa vimewatenga mijusi, makundi mawili ya wazi, moja likilingana na sampuli yake ya zamani ya Ilagala, bila kumuuliza mtu. Mto ulikuwa umezaa aina mbili kweli. Akapiga simu.

"Wako hai?"

"Wamenenepa. Wananimalizia kumbikumbi."

"Waweke tayari, tuwarudishe makwao. Ila namba saba ana damu ya pande zote mbili. Sijui tumpeleke wapi."

"Abaki kwetu."

"Kwetu wapi, Ndizeye?"

"Kwangu na kwako, tukishaoana."

"Unanichumbia kwa mjusi?"

"Pete ninayo. Nilinunua kabla hujaninunia. Iko kwenye boksi la spana."

Honorata akashusha pumzi. Alimpenda, na alijua atachoka naye maisha yake yote.

"Ilete," akasema. "Na uifute oili kwanza."