Vidole Mbele ya Fremu

Alama ya kidole ilikuwa mbele kabisa ya fremu ya bastola, mahali ambapo mwenye bastola hashiki.

Dafrosa aliinua ile fremu, kiunzi kitupu cha alumini, kwa ndoano ya waya, akaisogeza dirishani. Asubuhi ile Kashindye, fundi mwenzake, alikuwa ameipiga mchanga laini kwa mashine kuivua rangi ngumu ya kiwandani, na Dafrosa mwenyewe akaiosha kwa asetoni mpaka alumini ikabaki kavu, haina hata doa. Baada ya hapo haiguswi tena bila glavu. Mafuta ya ngozi yakiingia, rangi mpya ya kinga haishiki.

"Kaka Kashindye, umeishika hii kwa mkono mtupu?"

"Mimi? Miaka yote hii leo ndiyo nifanye kosa la mwanagenzi?"

"Humu tuko wawili tu."

"Basi jiulize mwenyewe, dada."

Jibu lile lilimkaa vibaya. Tangu Revocatus, shemeji yake na mwenye karakana ile ya silaha pale Tabora mjini, aseme kwamba atapunguza mtu mmoja, wawili hao walikuwa wakitazamana kwa jicho la pembeni.

Lakini Revocatus naye alikuwa na lake. Alipoileta bastola alisema ni ya rafiki yake Marko, mkulima wa tumbaku wa Goweko. "Imeshika kutu," alisema. "Anataka ipakwe upya."

"Shemeji, alumini haishiki kutu. Na huku mbele mtu ameisugua kwa brashi ya waya mpaka kaichubua."

"Wewe paka rangi," Revocatus alimjibu, macho yakiwa pengine.

Dafrosa aliiosha fremu upya, akaiweka kwenye oveni ili joto litoe mafuta yaliyojificha ndani. Alipofungua, alikuta alama nne za vidole upande mmoja na kidole gumba upande wa pili, zinang'aa kwa mafuta. Harufu iliyomjia haikuwa ya karakana. Ilikuwa ya mafuta ya nywele, yale wanayopaka wanawake wanapokwenda kanisani.

"Dada, unanichimba," Kashindye alisema kwa sauti ya chini. "Unataka shemeji yako anifukuze."

"Ningekuwa nakuchimba, ningetia mkono kwenye oveni ya moto?"

Wakakubaliana kuchungana. Waliiosha pamoja, wakaitundika ndani ya kabati la vioo, wakafunga, wakakaa mbele yake mchana kweupe. Mtaani redio ilikuwa ikiimba. Mara ikawa kama mtu ameizima, wakasikia pumzi, pumzi fupifupi za mtu aliyekimbizwa akachoka, zikitoka upande wa kabati, na kioo kikaanza kuingia ukungu kwa ndani huku kidole cha kwanza kikijichora juu ya alumini, kikafuata cha pili, kikafuata cha tatu, polepole, kwa kukaza, mpaka kiganja kizima kikawa kimeikamata fremu kwa mbele, na Dafrosa akaelewa kwamba aliyeishika vile hakuwa akilenga mtu, alikuwa akiisukuma isimwelekee usoni.

"Yesu wangu," Kashindye alinong'ona. "Hili ni jini."

Walimpigia Revocatus simu. Hakuuliza maswali. Alifika upesi, tayari ana maalimu kwenye gari, mzee wa Isevya anayejulikana kwa kutoa majini. Dafrosa alijiuliza ni lini alipata nafasi ya kumtafuta.

Maalimu alifukiza ubani, akaketi mbele ya kabati, akasoma. Kashindye alianza kutetemeka mabega, kisha akaanguka chali.

"Jini wa wapi wewe?" maalimu aliuliza. "Sema na uondoke!"

Kinywa cha Kashindye kilifunguka, ikatoka sauti ya mwanamke. Ilikuwa ikisema Kirundi, lugha ambayo Kashindye, Msukuma wa Bukene, hakuijua hata salamu. Dafrosa aliyezaliwa Ulyankulu kwa wazazi Warundi aliisikia neno kwa neno.

"Anasema nini, binti?" maalimu aliuliza.

"Anasema yeye si jini. Anasema ni Tekla, mke wa Marko."

Kila mtu aliamini kwamba Tekla alimkimbia mumewe, akarudi Burundi.

"Anasema yuko Goweko, chini ya sakafu ya bani, kule wanakokaushia tumbaku. Anataka atolewe."

Sauti ikaendelea, sasa ikiwa chini zaidi: *Marko alishika bastola. Aliyenishika miguu amesimama nyuma yako.*

Dafrosa hakugeuka. Nyuma yake, mlangoni, alikuwepo mtu mmoja tu.

"Kasema nini tena?" Revocatus aliuliza.

"Anaomba maji, shemeji."

Maalimu alimtazama Dafrosa usoni kwa muda, kisha akamnywesha Kashindye maji. Kashindye akazinduka akilia.

"Nipe hiyo fremu," Revocatus alisema, mkono ameunyoosha. "Nitaipeleka polisi mwenyewe."

"Tutakwenda wote," maalimu alisema, akiinuka. "Na binti ataishika yeye."

Kituoni, Dafrosa alieleza yote mbele ya askari wa zamu, fremu ikiwa juu ya meza ndani ya kitambaa. Alipofika kwenye maneno ya mwisho ya Tekla aliyatamka kwa Kiswahili, taratibu.

Askari aliinua macho. "Huyo wa pili ni nani?"

Kiti cha Revocatus kilikuwa wazi. Wakasikia kelele nje, wakatoka mbio.

Alikuwa ameanguka kifudifudi katikati ya uwanja mtupu uliofagiliwa, hatua chache tu kabla ya geti. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Alikuwa akikwangua udongo kwa kucha, miguu yake miwili imenyooka, imebanana, imeinuka kidogo kutoka ardhini.

"Mwambieni aniachie!" alilia. "Nitawaonyesha alipolala, mwambieni aniachie miguu!"