Mlango Umekuja Wenyewe

Tone la rangi ya buluu lilidondoka kutoka juu, likatua pa! kwenye kilemba kipya cha Serwaa. Soko la Kejetia lilikuwa limefurika asubuhi hiyo, mikokoteni inapigiana kelele, nyanya zinamwagika. Serwaa akainua macho. Kijana mtanashati alikuwa kwenye ngazi, brashi mkononi, mdomo wazi.

"Wewe! Huna macho?"

"Dada, nakuomba, kabla hujanitukana, soma kwanza hapo nilipofikia."

Ubao wa duka la mchele ulisema: UPENDO HUVUMIL.

Serwaa akajitahidi kununa. Akashindwa. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Malizia haraka basi, maana uvumilivu wangu nao umebakiza herufi mbili."

Kijana huyo, Asiedu, alikuwa mchoraji wa mabango, na Kumasi kila duka linataka mstari wake wa Biblia, kwa hiyo hakukosa kazi. Serwaa aliuza vitenge. Asiedu akaomba namba yake, na jioni hiyo hiyo simu ya Serwaa ikalia.

"Umezaliwa siku gani, mpenzi?"

"Nani mpenzi wako? Jumatatu."

"Hata mimi! Kumbe kanisani, wakiita watu watoe sadaka kwa siku ya kuzaliwa, tutacheza mstari mmoja."

"Tone lako halitoki."

"Usilifue. Hiyo ni sahihi yangu."

Miezi ikapita kama utamu wa muwa. Asiedu akahamia kanisa la Serwaa, akapaka rangi sanduku la sadaka bila malipo. Juu ya duka la Serwaa akaandika herufi kubwa: NDIYO YENU IWE NDIYO.

"Jumamosi mjomba wangu anakuja na chupa ya kinywaji kugonga mlango kwenu, kuniposea," akamwambia. "Ndiyo?"

"Ndiyo, roho yangu."

Jumamosi ikafika. Mama yake Serwaa akatwanga fufu ya mihogo na ndizi, supu ya karanga ikanukia mtaa mzima. Wajomba wa Serwaa wakakaa na vitambaa vyao begani. Serwaa alisubiri nyuma ya pazia na gauni la lesi. Fufu ikaanza kukauka. Akapiga simu, haipokelewi. Akapiga tena, kimya.

"Labda amekosa rangi ya mlango," mjomba mmoja akasema, na wakaondoka. Serwaa alilia mpaka wanja ukafika shingoni.

Jumatatu Asiedu akaja dukani mbio. "Serwaa wangu, nisikilize..."

"Nisikilize nini? Unaandika Neno la Mungu kuta zote za Kumasi, na wewe mwenyewe hata neno moja hulishiki! Mwongo mwenye brashi!"

Wateja wakacheka. Asiedu akaokota kopo lake la rangi, akaondoka ameinamisha kichwa. Alipopiga simu baadaye, Serwaa akakata. Akapiga tena, akakata.

Jumapili ngoma zikapigwa, waliozaliwa Jumatatu wakaitwa kutoa sadaka. Serwaa aliongoza kama kawaida, leso nyeupe hewani, kiuno kinaongea. Akafika kwenye sanduku. Maneno yalikuwa pale pale siku zote, buluu, kwa mwandiko ule ule wa Asiedu, K ina mkia kama wa paka: KWANZA UPATANE NA NDUGU YAKO.

Wiki ngapi alidondosha sadaka juu ya maneno hayo akapita? Leo miguu ilikataa. Wanawake wa nyuma wakamgonga.

"Serwaa, cheza basi!"

"Kuna mtu nilimkosea," akasema. Akaweka bahasha yake chini, kando ya sanduku, akatoka.

"Jumatatu mnakimbia wapi?" wa Ijumaa wakapiga kelele, kanisa zima likacheka.

Alimkuta Asiedu uani kwao, amevaa suruali yake ya kazi, ameshika kichanga kwa uangalifu kama bango ambalo rangi haijakauka. Mtoto wa nani? Lakini Serwaa alishaamua kusema lililomleta.

"Sijaja kuuliza ulikuwa wapi. Nilikudhalilisha mbele za watu. Nisamehe."

Mlango ukafunguka, akatoka mama mmoja, kanga kifuani.

"Wewe ndiye Serwaa? Jamani, mimi dada yake ndiye niliyekuharibia siku! Mume wangu yuko shamba la kakao. Uchungu ulinishika hawa ndio wanaingia kwenye gari waje kwenu. Wakanipakia mimi. Mjomba alikaa hospitali na chupa ya kugongea mlango mapajani, manesi wanamcheka! Mpaka Jumapili usiku."

"Na simu?" Serwaa akauliza.

"Ilibaki kwenye suruali hii, na namba yako humo humo," Asiedu akasema. "Nilikuwa nimejifunga kitambaa cha heshima. Kina mfuko kile?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?"

Serwaa alicheka na kulia kwa pamoja. Mjomba akachungulia, chupa ile ile mkononi, haijafunguliwa.

"Asiedu! Sisi tulikuwa twende kugonga mlango, kumbe mlango umekuja wenyewe?" Akagonga kizingiti, ko ko ko. "Binti, kwenu tumeona ua zuri. Wazee wako tutawafuata Jumamosi na magoti tutapiga. Ila ua lenyewe linasemaje?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ipi?" Asiedu akauliza.

"Ile uliyoiandika juu ya mlango wangu. Haya, mrudishie mama mtoto wake, twende. Sadaka yangu nimeiacha sakafuni."

Walikuta ngoma bado zinalia. Wakaingia wakicheza, yeye na tone lake la buluu kwenye kilemba, mwenzake na suruali yenye rangi zote za Kumasi.

"Jumatatu tena?" mchungaji akashangaa.

"Tena!" wakaitikia wanawake, na mstari mzima ukasimama upya.