Msalaba wa Chaki

Rafiki yangu, msimamizi wa wabomoaji, ndiye aliyeiangusha ile hoteli kongwe iliyolaza wageni miaka themanini. Kabla ya kubomoa, alitakiwa afungue kila chumba, ahakikishe hamna mtu, kisha achore msalaba wa chaki mlangoni. Alipofika ghorofa ya juu uvivu ukamshika. Akachora tu, hakugusa hata kitasa kimoja.

Baadaye watu wakaanza kumuulizia mfua mashuka wa hoteli, bibi kiziwi aliyeishi humo tangu usichana wake.

"Atakuwa kwao," rafiki yangu akawajibu, akabadili mazungumzo.

Juzi mchana aliingia stoo kuchukua kamba. Stoo yenyewe haina dirisha. Mlango ukajifunga nyuma yake, likawa giza totoro, na kwa nje akasikia chaki ikikwaruza mbao. Mara moja, halafu tena.

"Nipo ndani," akasema.

Hakuna aliyegusa kitasa. Ndala zikajiburuza polepole, zikaenda zake. Alipousukuma mlango ulifunguka bila shida, na vumbi la chaki lilikuwa bado linadondoka.

Akakimbilia nyumbani. Mkewe alikuwa uani anaanika nguo.

"Kumbe ndiyo unarudi? Mbona nimesikia ukipita ndani, unaburuza ndala?"

Akampita, akaingia ndani kukagua mlango mmoja mmoja. Milango yote ilikuwa safi isipokuwa wa chumba cha mama yake, ambaye hainuki kitandani bila kushikwa mkono, na siku hizi hasikii hata ukimbishia hodi.