Lami Ndani ya Gari la Daktari

Jumatatu asubuhi, mwaka 1956, fundi Théodore alikutwa amekufa ndani ya gari la daktari, katika gereji moja ya Kisangani karibu na mto Tshopo. Tangu Jumapili mchana alikuwa akipaka sakafu na milango lami ya maji, ile nzito inayozima kelele za barabara. Brashi ilikuwa bado mkononi.

"Harufu ya lami imemuua," alisema mwenye gereji. "Ajali tu."

Sajenti Lukumani wa polisi alilizunguka gari. Aliyekwenda kumwita sajenti alikuwa Zacharie, shemeji wa sajenti mwenyewe na fundi mwenza wa marehemu, ambaye sasa alisimama pembeni akilia. Lukumani aliingiza kichwa garini. Vishikio vya ndani vya milango vilikuwa vimefunguliwa skrubu na kutolewa ili lami ipakwe vizuri. Mlango ukifungwa, aliye ndani hatoki. Na vioo vyote vilikuwa juu. Fundi gani anapaka lami katika joto hili bila kushusha vioo?

Kwenye sahani ya skrubu, nje ya gari, palikuwa na mpini wa kuzungushia vioo. Vishikio vingine vilikuwa safi, lakini huo ulijaa lami. Ulitumika baada ya kazi kuanza.

Watu walimnyooshea kidole Juma, mlinzi, aliyekuwa ameshikana mashati na Théodore wiki iliyopita. Lukumani akamchukua nyuma ya gereji, wawili tu.

"Papa sergent, sikumugusa! Mvua ilinyesha, nilikaa kwa mulango ya barabara. Nilisikia kitu inagonga pole pole, sawa mutu anapiga godoro. Nilizani ni kazi yake."

"Umeambia nani?"

"Wewe tu. Niko na haya, sikuenda kuangalia."

Shati lake, lile lile la jana, halikuwa na doa.

Lukumani akarudi, akamshika Zacharie bega. "Pole, shemeji. Jana ulikuwa wapi?"

"Kwa nyumba, siku muzima. Maskini Théodore! Kugonga vile, na hakuna mutu anasikia."

Mkono wa Lukumani ukabaki begani.

"Nani alikuambia aligonga?"

Zacharie akageukia mlango. Lukumani akampandishia mikono ya shati juu ya viwiko. Mikono yake ilinuka petroli, imesuguliwa hadi kiwiko. Juu ya kiwiko palikuwa na mstari mweusi wa lami.

"Alijua ni mimi nilipelekea patron wa gereji majina ya wale wanapanga mugomo," Zacharie alisema mwishowe. "Leo angeambia wote. Niliingia kwa nyuma, nikamukuta amelala kwa sakafu ya gari, kichwa inamuzunguka. Bon... nilipandisha vioo, nikafunga."

"Na mimi? Kuko polisi wengine. Kwa nini uliniita mimi?"

"Juu uko ndugu. Nilijua hautaangalia sana."

Lukumani alimpa pingu polisi aliyekuja naye, amfunge Zacharie. Kisha akaenda nyumbani kwa miguu. Mkewe Honorine, dada yake Zacharie, alikuwa amekaa chini na majirani, wakimlilia Théodore.

"Mama," akamwambia taratibu, "acha kwanza hawa watoke."