Ukoko wa Chifu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Nasimiyu alifagia uwanja wa nyumba yao pale Bungoma, kisha akaenda nyuma ya jikoni kumhudumia Chifu. Chifu huyu hakuwa na kofia wala ofisi. Alikuwa sungura mweupe mwenye madoa meusi, na alipewa jina hilo kwa sababu alikaa siku nzima akisubiri watu wamletee vitu.

Chifu hakuwa wa Nasimiyu. Alikuwa wa binamu yake Ian, mtoto wa shangazi Nangila wa Kitale. Nyumba ya akina Ian ilikuwa ikiezekwa upya, na kelele za mafundi zilimtia sungura kiwewe. Kwa hivyo, likizo ya Agosti ilipoanza, Ian alimleta Bungoma ndani ya kikapu na kumwacha kwa shingo upande.

"Nasimiyu, skiza," alisema, mkono wake bado ukiwa mgongoni mwa Chifu. "Huyu ni mtu wa nyasi. Nyasi kavu mingi, maji safi, na majani mabichi kidogo tu. Usimpe chakula ya watu."

"Sawa bana! Kwani mimi ni mtoto?"

Tangu siku hiyo Ian alipiga simu kila jioni kwa simu ya mama yake. Hakuuliza habari za mtu yeyote kabla ya kuuliza habari za Chifu.

Mwanzoni Nasimiyu alifanya kazi yake barabara. Alikata nyasi kando ya reli, akazianika juu ya mabati na kuzianua mvua ilipotishia. Lakini mvua ya Agosti haikuchoka kutisha, na nyasi hazikukauka upesi. Isitoshe, Arafa, rafiki yake wa nyumba ya pili, alikuwa akimwita kila alasiri wakacheze kati, na hakuna mchezo ambao Nasimiyu aliupenda kama kukwepa mpira.

Sasa, nyumbani kwao kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa: aliyesonga ugali ndiye mwenye ukoko, lile gamba la rangi ya kahawia linalobaki kwenye sufuria, ambalo watoto hugombania kama nyama. Msongaji alikuwa Nasimiyu. Jioni moja alirudi kutoka uwanjani amechelewa, nyasi hana. Baada ya kusonga ugali, akavunja ukoko wake na kumtupia Chifu nusu.

Chifu aliula wote, masharubu yakicheza.

"Kumbe unapenda!" Nasimiyu akacheka. Kesho yake akampa tena, na kesho kutwa akaongeza punje za mahindi ya kuchemsha. Alijiona mkarimu, kwa maana alikuwa akijinyima kitu kitamu kwa ajili ya mgeni. Ukweli ni kwamba alikuwa mvivu, na moyoni alijua. Ian alipopiga simu, alimjibu, "Nimempa nyasi, amemaliza yote."

Siku chache baadaye, alipokuwa akifagia chini ya banda la sungura, aliona kinyesi cha Chifu kimebadilika. Zamani kilikuwa kingi, punje kubwa za mviringo. Sasa kilikuwa kidogo, vipunje vimesinyaa na vingine vimeshikana kwa manyoya. Ukoko wa jana ulikuwa palepale, haujaguswa.

"Ala! Hajakula?" Arafa aliuliza, akichungulia begani mwake. "Na mbona amejikunja hivyo? Si umwambie mama yako?"

"Atakula tu. Ameshiba."

"Ameshiba nini na chakula iko hapo?"

Nasimiyu aliuokota ukoko na kuutupa kwenye shimo la taka, akafagia banda likang'aa ili mama yake asione kitu. Jioni Ian alipopiga simu, Nasimiyu aliharakisha kujibu. "Amekula," alisema, "akashiba." Alirudisha simu haraka kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Asubuhi hapakuwa na punje hata moja chini ya banda. Chifu alikuwa amejikunyata pembeni, macho nusu wazi, akisaga meno. Masikio yake yalikuwa baridi. Tumbo lake, Nasimiyu alipoligusa, lilikuwa limejaa na kukaza. Hapo woga wa kugombezwa ukashindwa na woga mkubwa zaidi.

"Mama! Mama, njoo!"

Mama yake, Phelista, alitoka jikoni akipangusa mikono. Alimtazama Chifu, akamtazama binti yake. "Amekula nini huyu?"

"Nyasi."

"Ng'ombe ya nyanya yako ikivimba hivi tunainywesha mafuta ya kupikia," mama alisema, akaenda kuchukua chupa.

Bahati nzuri Arafa alikuwa amesikia kelele na kuja mbio. "Mama Nasimiyu, ngoja kwanza! Kuna daktari wa mifugo karibu na stendi. Alitibu mbuzi yetu mwezi jana."

Mama aliiweka chupa chini. Wakamtia Chifu kwenye katoni yenye kitambaa, wakapanda bodaboda. Njia nzima Nasimiyu aliikumbatia katoni ile, na kila aliposikia meno yakisagika humo ndani, alihisi kama anashtakiwa.

Daktari Chepkorir alimpapasa Chifu tumbo kwa vidole vya taratibu, akasikiliza kwa kifaa chake, akakunja uso. "Tumbo limesimama. Halisagi kitu, na hewa imejaa. Amekula nini?"

"Nyasi tu," Nasimiyu alisema.

"Nyasi tu?"

"Nyasi tu, daktari."

Daktari hakumgombeza. Alivuta kiti akakaa mbele yake. "Skiza, binti. Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite chote, kitoke. Kama alikula nyasi, nitatafuta ugonjwa mwingine, na muda hatuna. Kama alikula kitu kingine, matibabu ni tofauti. Mimi siwezi kumuuliza yeye. Nakuuliza wewe."

Machozi yalimtoka Nasimiyu kabla ya maneno. "Nilimpa ukoko. Na mahindi. Nilichoka kukata nyasi. Na jana niliona hajala, nikanyamaza. Nikamwambia Ian amekula."

Mama yake alishusha pumzi, akageuka kutazama dirishani.

"Umefanya vizuri kusema," daktari alisema, tayari akiwa amesimama. "Na vizuri pia hamkumnywesha mafuta, kama wengi wanavyofanya. Sungura si ng'ombe mdogo." Alimdunga Chifu sindano ya maumivu na nyingine ya kuamsha tumbo, akamwongezea maji chini ya ngozi, kisha akamweka kando ya chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa. "Sungura akikataa kula, au akikosa choo, hiyo si ya kungoja kesho. Inaweza kumuua upesi sana."

Walikaa hapo hadi alasiri. Nasimiyu hakuondoka kando ya Chifu. Alimwomba msamaha kwa sauti ndogo, ingawa alijua sungura haelewi. Hatimaye Chifu alijinyoosha, akanusa nyasi kavu alizowekewa, akavuta ujani mmoja akautafuna. Baadaye kidogo, kipunje kimoja kikadondoka kwenye kitambaa, kisha kingine.

"Daktari! Amepata choo!" Nasimiyu alipiga kelele, na watu waliokuwa wakinunua dawa za kuku wakageuka kumshangaa.

Nyumbani mama alimpa simu. "Mpigie Ian. Mimi sitamwambia kwa niaba yako."

Ian alisikiliza yote. "Kumbe ulinidanganya kila siku," alisema, akakata.

Jumamosi alifika na shangazi Nangila. Chifu alikuwa anakula vizuri, lakini Ian alimtia kwenye kikapu bila kumwangalia binamu yake.

"Nyumba bado haijaisha," shangazi alimkumbusha. "Si umwache wiki moja tu?"

"Hapana. Afadhali kelele ya mafundi." Mlangoni akasita. "Asante kwa kusema kwa daktari. Lakini bado nina hasira."

"Najua," Nasimiyu alisema. "Pole, Ian."

Walipoondoka, alikaa kwenye ngazi ya jikoni na kulia. Mama yake akaja, akakaa karibu naye.

"Mwanangu, uvivu ulimfanya Chifu augue. Lakini kunyamaza kwako na uongo wako ndivyo vilivyotaka kumuua. Ukiona umekosea, sema siku hiyohiyo, ungali na nafasi ya kurekebisha. Chifu amepona kwa sindano. Moyo wa Ian hauna sindano. Huo utautibu wewe, kwa kusema ukweli hadi akuamini tena."

Nasimiyu alijifuta machozi, na jioni akaomba simu. Hakuwa na la kujitetea. Alitaka tu kujua kama wamefika salama.