Matofali ya Karatasi

Ilikuwa Jumapili alasiri, na Enid Ormerod alikuwa akimimina chai sebuleni. Naam, sebuleni, siyo jikoni! Wanaoijua miji yetu ya viwanda vya pamba kule Lancashire, Uingereza, wanajua uzito wa jambo hilo. Sisi tulikuwa tukiishi jikoni. Sebule ya mbele ilifungwa, ikafutwa vumbi kila Ijumaa, ikangoja wageni, mgonjwa au maiti.

Siku hiyo mgeni alikuwa Bibi Martha, mama yake Wilf, mume wa Enid. Aliketi kwenye kochi jipya la sponji, mguu wake mbaya ameunyoosha, huku mjukuu wake Janice akimlisha keki kwa vidole.

"Bibi, fumba macho, fungua mdomo."

"Wewe mtoto, utanifanya nipaliwe nife, halafu nani atakusukia nywele?"

Mbele yao iliwaka hita mpya ya gesi, nao ukuta wa kuizunguka ulikuwa wa matofali mekundu yaliyopangika vizuri mpaka darini. Bibi Martha, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, aliyatazama kwa kuridhika.

"Matofali mazuri hayo, Wilf. Kakujengea nani?"

"Nimejenga mwenyewe, Mama, Jumamosi moja tu," alisema Wilf, akacheka. Enid naye alicheka.

Hayakuwa matofali, wasomaji wangu. Ilikuwa karatasi ya ukutani iliyochorwa matofali, imebandikwa juu ya hadibodi, zile mbao nyembamba zinazoshika moto kama kuni kavu.

Mwaka ule mtaa mzima wa Tanpit uliingiwa na kichaa cha kuvunja meko ya zamani. Vigae vya rangi ya maziwa walivyotuachia wazazi wetu tuliviona kama vya bafu la hospitali. Mavis wa nyumba ya pili ndiye aliyeanza, na Enid hakulala vizuri mpaka na yeye apate. Fundi aliyeleta hita aliwaambia waziwazi: inayoizunguka hita iwe jiwe, kigae au tofali, na tundu la dohani liachwe wazi hewa chafu ipande. Wilf alimwitikia kwa heshima, akamfungulia mlango, kisha akachukua nyundo. Alivunja vigae. Tundu la dohani alilishindilia makoti chakavu ili masizi yasidondokee zulia jipya, akaacha upenyo wa bomba la hita tu. Juu ya yote akapigilia hadibodi na kubandika karatasi yake.

"Wale wanatafuta kutuuzia vigae vyao," alimwambia mkewe.

Kabla ya Krismasi, Enid alipokuwa akifuta vumbi, aliona doa juu ya hita. Lilikuwa la kahawia, ukubwa wa kisahani cha kikombe, na karatasi mahali hapo ilikuwa imekauka ikakunjamana. Aligusa, akaondoa kidole haraka. Alimwita mumewe.

"Wilf, njoo uone. Ukuta unaungua."

"Unaungua wapi? Gundi hiyo, inakauka."

"Na harufu hii je?"

"Enid, wanawake wa kanisa wanakuja Alhamisi kunywa chai. Unataka nibomoe sasa hivi wakute shimo? Mavis atasemaje?"

Hapo ndipo Enid alipofunga mdomo. Si kwamba aliamini habari ya gundi. Alilifikiria tabasamu la Mavis mbele ya shimo lenye makoti machafu, akaona afadhali anyamaze. Alikwenda kwenye kabati, akatoa sahani ya shaba aliyorithi kwa nyanya yake, akaitundika juu ya doa. Wanawake wa kanisa waliisifu sana sahani ile. Na kwa kuwa hakuwa mpumbavu, tangu siku hiyo aliiwasha hita nusu tu.

Januari Janice akashikwa na homa ya kifua. Mtoto mgonjwa hupewa heshima ya sebule, kwa hiyo walimlaza kwenye kochi jipya, na Enid, ambaye hakuwa na ruhusa tena ya kukosa kazi kiwandani, akamwita mama mkwe wake.

"Nenda tu, mwanangu," alisema Bibi Martha akivua kofia. "Nimelea sita, huyu mmoja atanishinda?"

Enid alivaa koti. Mlangoni akageuka. "Mama, hita iache kwenye nusu. Usiizidishe."

"Kwa nini? Ina ubovu?"

Neno lilimfika Enid ulimini. Lakini mama mkwe alikuwa ameyasifu yale matofali, na Wilf alikuwa amezipokea sifa. Aibu ikamshika.

"Hapana, Mama. Gesi ghali tu."

"Haya," alisema Bibi Martha.

Sasa nyinyi mniambie, nani kati yenu angejali bei ya gesi huku mjukuu anatetemeka? Baada ya saa sita mchana Janice alisema, "Bibi, nasikia baridi." Bibi Martha akafungua hita mpaka mwisho. Akamfunika vizuri, akambusu kwenye paji la uso, akafunga mlango ili joto lisitoke, akaenda jikoni kumpashia supu ya kondoo. Ukuta ulikuwa wa matofali. Alikuwa ameota moto mbele ya matofali maisha yake yote.

Moshi ulimfikia jikoni. Mlango wa sebule ulikuwa umekwama kwa joto; kitasa kilimchoma viganja vyote viwili, naye hakukiachia mpaka mume wa Mavis alipomvuta kwa nguvu. Wanaume walivunja dirisha. Janice walimtoa akiwa hana hata alama ya moto mwilini, kwani ni moshi wa ile sponji uliomchukua, na nywele zake zilikuwa bado zimesukwa.

Enid alifika mbio na aproni ya kiwandani. Alimkuta Bibi Martha ameketi kwenye ukingo wa barabara, mikono ameiweka mbele yake, hajui aiweke wapi.

"Niliiwasha mpaka mwisho," alisema. "Alikuwa anasikia baridi, Enid. Uliniambia, na mimi nikaiwasha mpaka mwisho."

Enid alimkumbatia.

Kesho yake mkuu wa zimamoto aliwaonyesha Enid na Wilf peke yao vipande vyeusi vya hadibodi na vibaki vya makoti. "Ingeshika tu," alisema. "Leo au mwezi ujao, nusu au mwisho." Wilf alitazama viatu vyake. Katika majivu Enid aliokota sahani ya shaba, akaificha ndani ya koti.

Maiti kwetu hulazwa sebule ya mbele. Sebule haikuwepo tena. Janice aliagwa jikoni, mahali alipoishi siku zake zote.

Mtaa nao ulikuwa umeshahukumu. "Kikongwe kile na macho yake! Kafungulia gesi yote." Wilf aliyasikia maneno hayo dukani na kanisani, akayaacha yapite. Yalimfaa. Enid naye aliyaacha.

Mwezi Machi hakuweza tena. Alimwendea Bibi Martha, akamkuta amekaa ndani ya koti na kofia mbele ya meko yake ya matofali ya kweli, yamesuguliwa yakang'aa, hayana hata jivu. Nyumba ilikuwa baridi kuliko nje.

"Mama, mbona hujawasha moto?"

"Mimi na moto tumeachana," alisema, akakohoa kwa muda mrefu.

Enid alipiga magoti. Alitoa sahani ya shaba mfukoni, akaeleza yote: karatasi, makoti, doa, na uongo wa bei ya gesi. "Siyo wewe, Mama. Ni sisi. Ni mimi."

Bibi Martha aliigeuza sahani kwa mikono yake yenye makovu.

"Wilf anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu kesho yake, baada ya moto."

Kikongwe akaiweka sahani mapajani. Enid alipochukua kiberiti ili amwashie moto, alimzuia mkono.

"Siyo wewe, mwanangu. Wewe umekuja. Mwambie na yeye aje. Aje aniwashie moto mwenyewe."

Wilf aliambiwa jioni ile. Akasema Jumapili. Jumapili akasema ijayo. Aliogopa uso wa mama yake kuliko alivyowahi kuogopa moto. Siku aliyopata moyo wa kwenda, aligonga, hakuitikiwa, akaingia. Kifua kilikuwa kimemmaliza mama yake akiwa kitini, na koti na kofia. Mbele yake meko yalikuwa yamepangwa tayari: karatasi chini, vijiti, kisha makaa. Kiberiti kiliwekwa upande ule ambao mtu akipiga magoti atakifikia.

FUNZO

Ndugu zangu, kinachouzunguka moto kiwe kitu ambacho moto hauwezi kukila: jiwe, tofali, kigae. Kisifanane na tofali, kiwe tofali. Tundu la dohani msilizibe kwa makoti wala kwa chochote, kwa sababu hewa mbaya isipopata njia ya kutoka itabaki na watoto wenu. Mkiona doa limekuwa la kahawia, zimeni hita, bomoeni siku hiyohiyo, na Mavis acheke mpaka achoke.

Na mkimwachia mtu mtoto wenu, mwambieni ubovu wa nyumba, hata kama mnaona aibu. Enid aliona aibu kusema sentensi moja mlangoni. Mpaka leo huisema, peke yake, akivaa koti lake kwenda kazini: "Mama, huo ukuta ni wa karatasi."